Nilivyozikinga Taa za Gari la Wakfu





Wiki iliyopita kijana mmoja aliniandikia swali. Amenunua gari, Alhamdulillah, gari lake la kwanza, na kazi yake inampeleka sana kwenye njia za vumbi. Anataka kuweka kinga za chuma kwenye taa za mbele, zile grili za kuzuia mawe. Rafiki zake wakamcheka: "Wewe huna tawakkul. Jiwe la kuvunja taa yako kama limeshaandikwa, litapita hapohapo kwenye hizo nondo zako." Akaniuliza, Sheikh, wana haki hawa?

Nilimjibu kwa mistari miwili. Nikamkumbusha ile hadithi ya ngamia aliyoipokea Tirmidhi, yule bwana aliyeuliza kama amwache ngamia wake bila kamba na amtegemee Allah, na Mtume (s.a.w.) akamwelekeza amfunge kwanza kisha ndipo ategemee. Funga kinga zako kijana wangu, nikamwambia. Akanishukuru, yakaisha.

Kwake yaliisha. Mimi usiku ule nilijigeuza kitandani mpaka karibu na saa ya tahajjud. Maana kuna habari ya kinga za taa ninayoijua mimi, mke wangu, wanakamati wa msikiti na mzee mmoja wa Kigombe, na nyinyi ninaowafundisha hapa kila wiki sijawahi kuwaambia. Nimeandika humu habari ya ulimi, habari ya riba, habari ya haki ya jirani. Hili nimekuwa nikilikwepa kama mtu anavyokwepa kupita mbele ya duka analodaiwa. Leo naingia dukani.

Msikiti wetu una gari la wakfu. Ni Land Rover 110, ya zamani, ile ya taa za duara. Mwenyewe aliyelitoa ameshatangulia mbele ya haki, Allah amrehemu, na aliliacha kwa sharti: kwanza libebe maiti, pili wagonjwa, tatu safari za msikiti. Hakusema neno juu ya safari za imamu, na mimi nimejitahidi lisiwe gari langu. Funguo ninakaa nazo mimi kwa sababu ndiye niliyekabidhiwa usimamizi, na nyinyi mnajua msimamizi wa wakfu anaulizwa hata msumari.

Wakati ninaousimulia ni mwaka 2017. Njia ya Tanga kwenda Pangani, hizi kilomita 50 hivi, ilikuwa bado ya vumbi na kokoto. Malori ya mkonge, mabasi madogo, bodaboda na watu wa baiskeli, wote tuko humo humo. Lori likikupita linakurushia mawe kama mtu anayefukuza nyani shambani. Ndani ya miezi michache tulivunja kioo cha taa mara mbili, mara ya pili tukiwa na maiti ndani, tukamalizia safari kwa taa moja na tochi. Kila taa mpya ilitoka kwenye sanduku la msikiti, na sanduku lile ni shilingi mia mia za wauza mihogo. Kamati ikakaa, ikaamua: tuweke kinga. Uamuzi ulikuwa sahihi na mpaka leo nasema ulikuwa sahihi.

Fundi wa kuchomelea akatutengenezea kinga mbili nzuri, za nondo nyembamba na wavu. Lakini kinga ya aina ile huwezi kuibandika juu kama stika. Miguu yake inaingia nyuma ya fremu ya taa. Kwa hiyo taa lazima zitolewe, kinga ikae mahali pake, kisha taa zirudi.

Sasa nisikilizeni, hasa nyinyi wenye magari ya namna hii, maana mambo yote yako hapa. Ukishatoa ile fremu ya plastiki unakutana na ringi ya chuma inayoishikilia taa. Ringi hiyo ina skrubu tatu. Ukizifungua, taa inatoka, unachomoa soketi ya waya nyuma yake, umemaliza. Lakini pembeni ya hizo tatu kuna skrubu nyingine mbili, na hizo mbili hazishikilii kitu. Kazi yake ni kuielekeza taa. Moja inaiinua na kuishusha, nyingine inaipeleka kushoto na kulia. Mtu asiyezijua, au anayezijua ila ana haraka, anaona skrubu tano, anazungusha tano. Na sisi watu wa pwani, chumvi ya bahari inakula kila chuma. Skrubu imeshika kutu, haifunguki, kijana anajaribu hii, anajaribu ile, anajaribu nyingine, mpaka ipatikane ya kulegea. Mara nyingi ya kulegea ni ile isiyotakiwa kuguswa.

Nilikuwepo gereji wakati kijana mwanafunzi wa fundi akianza taa ya kulia. Nilimwona anahangaika na bisibisi. Kisha simu ikaita, nikatoka nje. Niliporudi taa zote mbili zilikuwa zimesharudi na kinga zinang'aa juu yake, mashallah, gari limekuwa kama la jeshi.

Fundi mkubwa akanifuata akifuta mikono kwa kitambaa. Akasema, "Sheikh, taa zikishatoka huwa haziangalii tena pale zilipokuwa zikiangalia. Tusubiri Magharibi iingie nizipime kwenye ukuta. Utaniongezea elfu kumi."

Nikamwambia, "Fundi, elfu kumi ya kuangalia ukuta?"

Watu waliokuwepo gereji wakacheka. Naye akacheka, kwa heshima tu. Nikaendelea: hizi ni fedha za wakfu, ndugu yangu, hizi nitaulizwa. Taa zinawaka? Zinawaka. Basi. Akanyamaza. Nikamlipa tuliyopatana, nikaondoka nimeridhika na nafsi yangu. Usiku ule kwenye kamati nikalitaja lile jambo, kwamba fundi alitaka kutuongezea elfu kumi nikaiokoa. Wakanisifu.

Ndugu msomaji, ukitaka kujua nafsi inavyomla mtu wa dini, haimjii kwa pombe. Mimi ilinijia kwa kulinda mali ya wakfu.

Kuanzia siku ile watu wakawa wananiwashia taa njiani. Kila gari linalokuja mbele yangu usiku, linawasha na kuzima, linawasha na kuzima. Kwetu dereva akikuwashia hivyo, mara nyingi anakwambia kuna askari wa barabarani mbele. Nikawa napunguza mwendo, natazama, askari hayupo. Baadaye nikajipa tafsiri nyingine, na hii naiandika kwa aibu: nikadhani wananisalimia. Gari la msikiti linajulikana, Sheikh anajulikana, watu wana mapenzi. Nikawa na mimi nawawashia fulu kujibu salamu.

Mke wangu siku moja nilimpakia kumrudisha kutoka kwenye msiba. Akasema, "Baba, mbona wale watu wanajikinga macho kwa mkono?" Nikamwambia ni vumbi. Akasema, "Vumbi liko nyuma yetu." Sikumjibu. Nilikuwa nimeweka dimu, kama sheria inavyotaka, na mtu aliyeweka dimu anaona ameshatimiza wajibu. Sikuwaza kwamba dimu iliyoinuliwa juu haina tofauti na fulu kwa yule anayekuja mbele yako.

Zikapita kama wiki mbili. Usiku mmoja tulikuwa tunatoka kuzika upande wa Pangani, tunarudi. Nyuma nilikuwa na watu wapatao kumi, na hilo nalo lina hesabu yake: ukipakia nyuma, gari linakaa kitako na pua inanyanyuka, na taa zinanyanyuka pamoja na pua. Taa iliyokuwa imeshapanda, ikapanda zaidi. Tumeipita Kigombe, hakuna mwezi, njia nyembamba. Nikaona mbele kitu kama baiskeli, kimekaa upande wake sawasawa. Nikapita. Sikumgusa, na namshuhudisha Allah kwamba sikumgusa. Ghafla nasikia vijana wanapiga bati huko nyuma: "Sheikh, simama! Simama, mtu ameanguka!"

Tulimkuta mtaroni. Mzee mwenye umri wa kunizaa, amelala ubavu, baiskeli juu ya mguu wake, tenga limepasuka na samaki wametapakaa kwenye vumbi. Ameushika mkono wa kulia kwa mkono wa kushoto. Wakati tunamnyanyua akawa anasema maneno yaleyale: "Sikuona kitu. Sikuona njia. Nilijua ni lori linanijia usoni, nikakata kushoto." Nami nikamwambia, pole mzee wangu, pole sana, tutakupeleka hospitali sasa hivi.

Aliposikia sauti yangu alinyamaza kidogo. Kisha akasema, "Ah. Kumbe ni Sheikh."

Hakusema zaidi ya hapo. Niliendesha mpaka Tanga mjini na maneno yale mawili matatu yakiwa masikioni. Tukampakia palepale palipokuwa na jeneza saa chache kabla, tukamrudishia samaki wake waliofaa kwenye mfuko, na vijana wakawa wanamshikilia gari lisimrushe. Daktari akasema mfupa wa kifundo cha mkono umevunjika. Akafungwa plasta. Wiki sita asiendeshe baiskeli, asibebe tenga. Na mtu anayechukua samaki pwani usiku akawauze alfajiri, wiki sita ni jambo zito.

Kamati ilipokaa, wengi walisema gharama zitoke kwenye sanduku, kwa hoja kwamba gari ni la wakfu na lilikuwa kwenye kazi ya wakfu. Mmoja akasema alipe fundi, kwa kuwa yeye ndiye aliyeharibu taa. Mimi nilitamani sana hoja ya pili iwe ndiyo. Nikaomba muda, nikaenda mjini kwa mwalimu wangu wa zamani, mtu aliyenisomesha fiqhi nikiwa bado sijaota ndevu, nikamweleza yote nikijipanga vizuri kama wakili.

Nilimsomea masuala ya dhamana ya fundi. Kwamba katika madhehebu yetu ya Shafii, fundi aliyepewa mali aifanyie kazi, mkono wake ni mkono wa amana, halipi ila akizembea au akivuka mpaka. Kwamba Abu Yusuf na Muhammad, wanafunzi wa Imam Abu Hanifa, wao waliona fundi anayefanyia kazi watu wote abebe dhamana, isipokuwa kwa janga lisilozuilika, ili mali za watu zisichezewe. Na hapa, nikasema, uzembe upo wazi, kwa hiyo hata kwa Shafii fundi huyu analipa.

Mwalimu akanisikiliza mpaka mwisho. Akasema, "Hayo uliyoyasoma ni habari ya mali iliyo mkononi mwa fundi. Wewe umeniletea mkono wa mtu." Kisha akaniuliza swali moja. "Yule fundi alikwambia?"

Nikanyamaza.

"Alikwambia kwamba taa zinahitaji kupimwa?"

Nikasema, alinambia.

Akasema, "Basi," akaita chai.

Wakati tunakunywa ndipo akanifafanulia, kwa upole, kama anaanza upya na mtoto. Kwamba kosa la kutokusudia huondolewa dhambi lakini haliondolewi dhamana. Kwamba wakfu haulipi kwa ajili ya uzembe wa msimamizi wake, na mimi nikichukua sanduku la wauza mihogo kulipia kosa langu nitakuwa nimeongeza kosa la pili. Akanitajia pia hadithi ambayo nimeisoma mara nyingi na kuisomesha, na sikuwahi kuiona inanihusu. Ile waliyoipokea Bukhari na Muslim, kwamba Mtume (s.a.w.) aliamrisha anayepita msikitini au sokoni akiwa na mishale azishike ncha zake kwa mkono wake, asije akamjeruhi Muislamu yeyote. Akasema, "Yule mtu hakwenda sokoni kupigana. Mishale ni mali yake, halali yake. Alichoamrishwa ni kujua ncha zinaelekea wapi. Wewe ulifunika mishale yako kwa nondo isivunjike, ncha ukaziacha zinatazama watu."

Nililipa mwenyewe. Nilikuwa na fedha nimeiweka kidogo kidogo kwa ajili ya kuezeka upya jiko la nyumbani. Ikaenda yote, matibabu na kipato cha zile wiki. Mke wangu aliendelea kupikia chini ya bati linalovuja masika yote na hakunikumbusha habari ya vumbi. Mara nyingine ninatamani angenikumbusha.

Nilipokwenda kwa mzee kufanya sulhu nilijiandaa kwa mazungumzo marefu. Alitaja kiasi kidogo kuliko nilichokuwa nacho mkononi. Nikamwongezea, akakataa, tukavutana kwa adabu mpaka mkewe akaingilia akachukua. Nikamwomba msamaha. Akasema amesamehe tangu mtaroni. Kisha akaniambia jambo, na kati ya yote yaliyotokea hili ndilo lililonikosesha usingizi wiki iliyopita.

"Sheikh, gari lako njia nzima wanalijua. Wale wa bodaboda wamelipa jina. Wanaliita Saa Sita."

Nikauliza, kwa nini Saa Sita?

"Kwa sababu likitokea usiku, kunakuwa mchana wa saa sita, mtu unalitazama jua kwa macho."

Nikamuuliza, na tangu lini mnaliita hivyo? Akasema tangu lilipowekwa vyuma. Na kwa nini hakuna hata mmoja aliyenifuata akaniambia? Mzee akacheka kidogo, akaushika mkono wake wenye plasta. "Nani atakufuata, Sheikh? Wewe ndiye unayetusomea khutba. Tulikuwa tunakuwashia taa."

Subhanallah. Wiki mbili nzima umma unanipa nasaha kwa lugha pekee waliyoiweza, na mimi naipokea kama maamkizi. Tunafundishana kwamba Muumini ni kioo cha nduguye. Mimi nilikuwa nimejijengea heshima mpaka kioo kikaogopa kunionyesha uso wangu. Nawauliza maimamu wenzangu mnaosoma hapa, na walimu, na nyinyi mabosi wa maofisini: lini mara ya mwisho mtu wa chini yenu aliwaambia jambo lisilopendeza? Kama hukumbuki, usifurahi haraka.

Nilirudi gereji. Nilimwomba radhi fundi mbele ya walewale waliocheka siku ile, nikampa elfu kumi yake. Akaja jioni mpaka msikitini na kipande cha chaki, akanionyesha kazi ambayo niliita kuangalia ukuta. Nawaandikia hapa, mwenye gari achukue.

Tafuta mahali pa tambarare mbele ya ukuta. Sisi tulitumia ukuta wa madrasa. Hakikisha magurudumu yana upepo wa kutosha na hukupakia mzigo. Kwanza sogeza gari karibu kabisa na ukuta, uchore mstari wa chaki usawa wa katikati ya taa. Kisha rudi nyuma mita 10. Chora mstari wa pili chini ya ule wa kwanza kwa sentimita 10. Giza likiingia, washa dimu. Ukingo wa juu wa mwanga, pale unapokatika kati ya mwanga na giza, unatakiwa uwe kwenye mstari wa chini. Ukiwa juu ya mstari wa kwanza, unawapiga watu machoni. Ndipo unazigusa zile skrubu mbili za pembeni, pole pole, robo mzunguko kwa robo mzunguko, huku umefunika taa moja ili ujue unarekebisha ipi.

Taa yetu ya kushoto ilikuwa imepanda kidogo. Ya kulia, ile aliyohangaika nayo kijana, ilikuwa inapiga juu ya dirisha la madrasa, karibu na bati. Watoto wa chuo walikuwa wametoka Magharibi wamesimama wanatazama. Mmoja akasema, "Taa ya ustadhi inatafuta popo."

Na mambo mengine mawili fundi alinambia usiku ule, yanaleta madhara hata kwa asiye na kinga. Sisi tunaendesha kushoto, kwa hiyo taa zetu zimetengenezwa zirushe mwanga juu kidogo upande wa kushoto, pembeni mwa njia, na upande wa kulia zibaki chini kwa ajili ya anayekuja. Nchi zinazoendesha kulia, kama kule Dubai zinakotoka spea nyingi zilizotumika, taa zao ni kinyume. Ukiifunga hapa, hata uipime vipi, ule mwanga wa juu unakwenda kwa mwenzako. Jambo la pili ni hizi balbu nyeupe za LED ambazo vijana wanazichomeka kwenye taa zilizotengenezwa kwa balbu za kawaida. Kioo na kiakisi cha taa vilipangwa kwa waya mdogo unaowaka mahali maalumu. Ukibadilisha chanzo cha mwanga, mwanga unatawanyika kila upande. Wewe unaona njia imekuwa nyeupe, unafurahi. Muulize anayekuja.

Kinga zenyewe bado zipo kwenye gari mpaka leo, na hatujavunja kioo tangu wakati ule, Alhamdulillah. Ila nazo zina adabu zake. Tope linajaa kwenye wavu na mwanga unapungua bila dereva kujua, kwa hiyo tulizifanya za kufunguka kwa bawaba, tunasafisha kioo bila kuitoa taa tena. Na siku gari likipakia watu wengi nyuma usiku, naendesha taratibu, nikiona baiskeli inakuja nasogea pembeni na kusubiri apite. Wanaonijua wananicheka kwamba Sheikh ameanza kuzeeka. Na waseme.

Sasa kijana wangu uliyeuliza, najua unasoma. Jibu langu la mwanzo halijabadilika, funga kinga zako. Lakini nilikujibu nusu. Nilikufundisha kumfunga ngamia wako asipotee, sikukwambia uangalie kamba umeipitisha kwenye njia ya nani. Mtume (s.a.w.) alipowataka maswahaba waipe njia haki yake, katika hizo haki alizozitaja ni kuzuia maudhi. Kwa hiyo fundi wako akikwambia taa zipimwe, mlipe. Asipokwambia, muulize wewe. Na simama mwenyewe pale anapofungua, simu iite mpaka ichoke.

Rafiki zako waliokucheka wape salamu zangu. Waambie hata wao kwenye njia ya usiku wanahitaji kuonana uso kwa uso na mtu mwenye macho yanayoona.

Yule mzee bado yuko hai, Alhamdulillah, na ndiye aliyeniruhusu niandike, kwa sharti nisimtaje jina. Baiskeli ameiacha kwa mjukuu. Mfupa uliunga lakini kifundo hakikunyooka sawasawa, na tukikutana sokoni ananipa mkono wa kulia uliopinda kidogo, naupokea kwa mikono yangu miwili. Hunitania kila mara kwa neno lile lile: "Saa ngapi sasa, Sheikh?" Namjibu, saa sita imepita, mzee wangu.

Ile mistari ya chaki kwenye ukuta wa madrasa ilifutwa na mvua, tukaichora upya kwa rangi nyekundu. Mlio karibu nasi, Jumamosi hii baada ya Magharibi leteni magari na pikipiki zenu. Fundi atakuwepo inshallah, na kwa wa bodaboda kupima ni bure. Gharama ya fundi nimeshaitoa mimi. Msiniulize ni kiasi gani.